Kababu bila boflo, na sinia liwe moja

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, tangu mwaka 2022, chakula cha usiku kilikuwa kikiandikwa mahali pawili. Katikati ya mkeka lilikaa sinia kubwa, la wali au la mikate na mchuzi, na wake kwa waume wa nyumba wakalizunguka: mke wangu, watoto, wajukuu, na mgeni akiwapo. Pembeni, chini ya dirisha, iliwekwa sahani moja yenye mboga za kuchemsha na kipande cha samaki kisicho ladha wala harufu. Sahani hiyo ilikuwa yangu. Daktari alikuwa ameona sukari katika damu yangu na akaniambia nipunguze vyakula vya wanga. Na mke wangu, Mola amlipe kheri, akamtii daktari kuliko daktari alivyojitii mwenyewe. Basi kwa miaka miwili nikala chajio changu nikitazama migongo ya watu wangu. Nimetunga mashairi ya harusi na ya misiba, walakini sijapata maneno ya kueleza upweke wa mtu anayekula peke yake katika chumba kilichojaa jamaa zake.

Mwezi wa Agosti 2024 akaja kututembelea mtoto wa dada yangu, aliyeolewa Marekani. Jioni moja ya siku ya kazi mke wangu alikwenda hitimani Bondeni, na yule binti akasema jikoni ataingia yeye. Niliporudi msikitini baada ya Maghribi nikakuta bakuli limeniwekea mahali pangu dirishani. Ndani mna majani ya saladi, matango, tungule, kitunguu na achari, na juu yake nyama ya kima iliyokaangwa ikavunjwavunjwa, kisha ikamwagiwa mtindi uliotiwa thomu.

"Hii nini, mwanangu?"

"Hii ni baga, mjomba."

"Na mkate wake uko wapi?"

"Haina mkate. Siku hizi wengi kule hula hivi siku za kazi, mtu akirudi nyumbani amechoka. Kima, mboga, basi."

Nikamwambia baga isiyo mkate ni kama shairi lisilo vina. Naye, kwa kuwa amenizoea, akanijibu, "Wewe kula kwanza mjomba, utatunga baadaye." Nikala. Na nilivyozidi kula ndivyo nilivyozidi kucheka, kwani kitu kile nilikuwa nakijua tangu utotoni. Ilikuwa ni kababu na kachumbari; tofauti ni kwamba kababu zimevunjwa na kachumbari imetandikwa chini yake.

Sikusudii hapa kuusifu mtindo wa ng'ambo. Wako watu wetu ambao kitu hakiwi kitu mpaka kirudi kutoka Ulaya au Marekani kimebadilishwa jina, na sitaki kuhesabiwa miongoni mwao. Lakini sitaki pia kuwa kama wale wanaokikataa kitu kwa sababu tu kimepitia huko. Nasema kwamba chakula hiki ni chetu, kwamba majumba mengi ya Mombasa leo yanakihitaji, na kwamba tukikipika tukipike kwa watu wote wa nyumba, si kwa mgonjwa peke yake.

Tuanze na hiyo baga. Jina lake linatokana na mji wa Hamburg, Ujerumani, na Marekani ilianza kujulikana kama nyama iliyosagwa ikachomwa na kuletwa sahanini. Kufungiwa ndani ya mkate kulikuja baadaye. Alikuwako daktari wa huko, James Salisbury, aliyewatibu askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, akashikilia kwamba dawa ya maradhi mengi ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kuchomwa, iliwe mara tatu kwa siku pamoja na maji ya moto. Mwaka 1888 akaandika kitabu juu ya jambo hilo. Alipita kiasi, lakini nyama yake haikuwa na mkate. Kabla yake kidogo, mwaka 1863, mtengeneza mazishi mmoja wa London, William Banting, aliyekuwa mnene hata kufunga viatu vyake ni taabu, alitoa waraka kuwaeleza watu jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi kwa shauri la daktari wake. (Ajabu ya majina: aliyeshiriki kuigundua insulini mjini Toronto mwaka 1921 na 1922 naye ni Banting, Frederick Banting.) Na huko nyuma kabisa, kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan kimejaa madonge ya nyama iliyotwangwa na viungo. Wazee wetu wa pwani walipofinyanga kababu zao hawakuwa wakimwiga mtu wa Hamburg.

Najua atakayeniambia: walakini mkate ni mila. Meza isiyo mkate wala wali si meza, na mgeni hapewi majani. Mimi humjibu hivi. Ibn Battuta alipofika kisiwa hiki cha Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wake hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka sehemu nyingine za pwani, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Ndizi nazo zina wanga wake, silifichi hilo. Lakini msafiri yule hakukuta boflo katika kila duka la pembeni wala chapati katika kila kaango. Ngano tunayoiita mila ni mgeni aliyekaa sana mpaka akajiona mwenyeji.

Na alivyokaa, amekaa kweli. Tazama siku moja ya kawaida hapa kwetu. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Adhuhuri wali wa nazi. Alasiri viazi karai au bhajia, ama mtu amepita Lighthouse akanunua mihogo ya kukaanga. Usiku mkate wa boflo na mchuzi, au chapati, na aghalabu katika mchuzi wenyewe mna viazi. Boflo la kawaida dukani lina uzito wa gramu 400, na karibu nusu ya uzito huo ni wanga, ambao tumboni hugeuka sukari upesi. Hata mshakiki, nyama safi iliyochomwa juu ya makaa, hatuuli mpaka tuupe viazi au mkate. Na mkate wa mayai, ambao kwa hakika ndio baga yetu sisi, tumeufunga kima na yai ndani ya unga kisha tukaukaanga katika mafuta. Chuoni tulifundishwa kuwa tumbo ligawanywe sehemu tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi. Sisi tumeligawa vingine: theluthi wali, theluthi mkate, theluthi viazi, na pumzi ijitafutie njia.

Sisemi mahamri yafutwe. Atakayefuta mahamri Mombasa hatazikwa na watu. Nazungumzia chakula cha usiku cha siku za kazi, Jumatatu hadi Alhamisi, ambacho huliwa saa mbili au tatu na muda si muda mtu amelala, hakwenda hatua kumi tangu aliponawa mikono. Hapo ndipo mkate unapoweza kuondoka bila kumvunjia mtu heshima. Ijumaa na pilau yake ziachwe.

Sasa tuingie jikoni, maana nimejifunza kwa kuharibu. Mara ya kwanza nilipojaribu mwenyewe kababu zilinivunjikia zote katika kaango, mke wangu akasimama mlangoni asiseme kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko maneno. Sababu ni kwamba kababu zetu tumezoea kuzishikiza kwa boflo lililorowekwa, au kwa kiazi kilichopondwa, au unga wa dengu. Vyote hivyo ni wanga. Ukiviondoa, lazima nyama ijishike yenyewe, na nyama hujishika kwa chumvi na mkono.

Chukua nusu kilo ya kima (ya ng'ombe, msomaji, si yule wa msituni), umwambie mchinjaji aipitishe katika mashine mara mbili. Kitunguu kikubwa kimoja kikunwe, kikamuliwe ndani ya kitambaa mpaka maji yake yatoke, kwa kuwa maji ya kitunguu ndiyo adui mkubwa wa kababu. Tia thomu punje nne na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa, pilipili mbichi, jira iliyokaangwa kavu ikasagwa, majani ya dania, yai moja, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Halafu kanda. Usichanganye tu ukaacha. Kanda kama unavyokanda unga wa chapati, dakika tano nzima, mpaka nyama ianze kunata kiganjani. Hapo chumvi imefanya kazi yake na kababu haitavunjika. Wale waliozoea kulainisha mshakiki kwa papai bichi wasilitie humu, kima itageuka uji. Iweke nyama mahali pa baridi ipumzike, nawe nenda kasali Maghribi.

Ukirudi, finyanga kababu za duara bapa, au ndefu kama kidole upendavyo. Mafuta yawe kijiko kimoja, moto wa wastani. Usizigeuze upesi, usizibane kwa mwiko. Ziache upande wa chini ufanye rangi, kama dakika nne au tano, ndipo uzigeuze. Nyama ya kusaga haifai kuliwa mbichi ndani, kwa hiyo ivunje moja uitazame. Mwenye seredani na makaa na azichome, harufu itamwita jirani.

Kachumbari kila mtu anaijua na sitamfundisha mtu wa Mombasa: tungule, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, tango, pilipili, ndimu. Ongeza kabichi iliyokatwa nyembamba sana, ndiyo itakayokujaza tumbo badala ya wali. Mboga zote za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa, kwa sababu kipindupindu kimewahi kuutembelea mji huu zaidi ya mara moja. Ama ile sosi ya tungule ya chupa, iache dukani. Karibu robo ya uzito wake ni sukari. Sisi tuna chatini ya nazi: nazi iliyokunwa, pilipili, majani ya dania, thomu na ndimu, vikatwangwa pamoja na chumvi. Yule binti aliponionyesha mtindi wake nikamwonyesha chatini, na siku ya pili mtindi ulibaki bakulini.

Tulifika penye swali ambalo bakuli la Marekani halina jibu lake: mtu atakula vipi kwa mkono, bila mkate wa kushikia? Huko kila mtu ana bakuli lake na uma wake, amekaa nalo mbele ya televisheni. Mimi sikutoka dirishani ili watu wote wa nyumba waende kukaa madirishani. Mke wangu ndiye aliyetatua jambo hili. Alichukua majani mazima ya kabichi, akayapitisha katika maji ya moto kwa kufumba na kufumbua ili yalainike yasikatike, akayapanga pembezoni mwa sinia. Katikati kachumbari, juu yake kababu, chatini katika kibakuli. Unakata kipande cha jani, unashika nacho kababu na kachumbari yake, unatia tonge. Jani la saladi hupasuka, la kabichi halipasuki. Chakula chote kikawa tayari kabla ya Isha, katika kaango moja, na yeye mwenyewe akasema kwa mara ya kwanza tangu 2022 hakuwasha moto mara mbili kwa usiku mmoja. Hilo, nakiri, kwa miaka miwili halikunipitia kichwani. Nilihesabu upweke wangu, sikuhesabu sufuria zake.

Isidhaniwe kwamba alikubali tangu mwanzo. Siku ile ya bakuli, aliporudi hitimani na kuona tulichokula, alishika kiuno. "Watu wakiingia hapa watasema tumefilisika." Na kweli, wiki chache baadaye, usiku wa Jumatano baada ya Isha, rafiki yangu wa siku nyingi alipiga hodi tukiwa tumezunguka sinia. Mke wangu akaninong'oneza mtoto apelekwe mbio dukani kununua mkate. Nikakataa. Tukagombana kwa sauti ya chini, kama ilivyo adabu mgeni akiwa ukumbini, yeye akisema naiaibisha nyumba, mimi nikisema mgeni ni mtu wa nyumbani. Mgeni akanawa, akakaribia, akala kababu ya kwanza, ya pili, ya tano. Halafu akauliza, "Mkate hamtumii?"

Nikamweleza habari yangu ya sukari, jambo ambalo kwa miaka miwili sikuwahi kumwambia. Akaweka tonge chini. "Mimi pia ninayo," akasema, "huu mwaka wa sita. Vidonge nameza. Lakini nikialikwa kwa watu nala kila kinachoandikwa, wali, mikate, halua na kahawa. Nitafanyaje? Nikatae chakula cha watu?"

Maneno haya yalinikaa. Huyu ni mtu niliyemkaribisha mwenyewe mara nyingi, nikamjazia sahani ya wali na kumbembeleza aongeze, naye akaongeza kwa ajili ya uso wangu. Ukarimu wetu sisi watu wa pwani ni kitu cha kujivunia, lakini umekuwa ukimlazimisha mgonjwa afiche ugonjwa wake ili asimwudhi mwenyeji. Na akirudi nyumbani kwake anakuta kisahani chake cha dirishani. Kwa watu anakula kitakachomdhuru, na kwake anakula peke yake. Nani angestahimili hivyo kwa miaka sita? Ndiyo maana wengi wetu huanza masharti ya daktari Jumatatu yakawa yamekwisha Alhamisi. Tunawalaumu kwamba ni walafi. Mimi nasema ulafi si neno lake. Mtu hukimbilia pale walipo wenzake.

Yako mambo mawili ambayo sina budi kuyatia, hata kama yanapunguza utamu. Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, asiondoe wanga ghafla bila kuonana na daktari wake kwanza. Dawa ilipimwa kwa mtu anayekula mkate. Mkate ukiondoka na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mno, mtu akatoka jasho, akatetemeka, moyo ukamwenda mbio, hata akapoteza fahamu. Na mwenye maradhi ya figo asijiamulie kiasi cha nyama. Hawa wawili safari yao inaanzia hospitali, haianzii jikoni.

La pili ni bei. Nyama ni ghali kuliko mkate, na nyumba ya watu wanane haishibi kwa nusu kilo ya kima. Sina jibu kamili. Sisi huchanganya: usiku mmoja kababu za nyama, usiku mwingine kababu za samaki akiwa rahisi pale sokoni (wakati wa kusi, bahari ikichafuka, usimtarajie), na usiku wa tatu mayai na mchicha wa nazi. Watoto ambao hawana ugonjwa na wanacheza mpira mchana kutwa wanahitaji mkate wao, na haki yao wapewe.

Yule binti alirudi kwake Marekani mwezi wa Septemba, na ameniandikia kwamba sasa anatwanga chatini na kwamba amenunua sinia. Rafiki yangu huja kila Jumatano. Hupiga hodi mapema siku hizi, kabla kababu hazijageuzwa. Na mke wangu ameweka utaratibu wake katika nyumba, wala hakuniuliza. Sinia ni moja, katikati ya mkeka, na mimi niko upande wa mlango kama zamani. Boflo linawekwa kwenye kisahani chini ya dirisha, pale palipokuwa pangu, na mjukuu anayelitaka huinuka akalichukua, akarudi kukaa na wenzake.